Nilivyoipima pile ya moyo ya Tata Mukendi kwenye ukumbi wa shaba, Kolwezi enzi za Zaïre

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga juzi.

Nimeona humu watu wakiandika habari za pacemaker kana kwamba Waafrika tumezisikia mwaka huu. Mimi nilizishika kwa mikono yangu miaka ya themanini, Kolwezi, nchi ikiitwa bado Zaïre.

Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe. Siongezi chumvi, na sehemu inayoniaibisha sitairuka. Majina nimeyabadilisha.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa Lubudi, baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Sikuwa na mjomba serikalini, sikuwa na padri wa kunisukuma. Nilifaulu mtihani wa bursa, yaani ufadhili wa masomo, nikaenda Liège, Ubelgiji, nikaosha sahani za Wazungu asubuhi na kusoma mchana. Nikatoka na diploma ya elektroniki ya vyombo vya hospitali.

Wenzangu wengi walibaki huko huko. Mimi nilirudi.

Mjini Kolwezi wenye diploma ile walikuwa wangapi? Mmoja. Ndiye anayewaandikia.

Watu waliniita docteur. Sikuwa daktari, nilikuwa fundi. Ila sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Sasa nieleze kifaa chenyewe, kwa wasiokijua.

Moyo una umeme wake. Umeme huo ukikatika njiani, moyo unapiga polepole mno, mara thelathini na kitu kwa dakika. Damu haisukumwi inavyotakiwa. Maji yanajaa miguuni, yanapanda kwenye mapafu, mtu analala ameketi. Hiyo ni heart failure, ingawa si kila heart failure inatokana na sababu hiyo.

Pacemaker inafukiwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na waya wake unashuka hadi ndani ya moyo. Kolwezi tuliiita pile, kama pile ya radio.

Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza. Moyo ukichelewa, inausukuma.

Kule Liège nilikuwa fundi katika kikundi kilichojaribu vifaa hivi kwa wagonjwa ambao mioyo yao imechoka. Tulikuwa tunatafuta kujua: nguvu zinarudi kiasi gani? Mtu anaweza kufanya kazi gani tena? Programmeur, ile mashine ya kuiamuru pile, niliishika mimi. Profesa alikuwa akinyoosha mkono tu, nami najua anataka nini.

Basi, Tata Mukendi, yaani mzee Mukendi.

Alikuwa mtu wa asili ya Kasai, baba yake aliletwa Katanga kufanya kazi ya migodi. Yeye mwenyewe alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, na alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kikundi, katika ukumbi wa electrolyse, wa kusafishia shaba kwa umeme, wa Kampuni ya migodi. Miaka ishirini na miwili humo ndani.

Ukumbi huo si wa kawaida, wakuu. Ni matangi ya asidi yaliyopangwa safu kwa safu, yenye shaba iliyoyeyuka. Unapitishwa umeme mkubwa ajabu, shaba inajishika kwenye mabamba. Umeme ule unazaa sumaku. Ukishika spana, unahisi inavutwa mkononi. Saa ya mkono inasimama. Ndiyo maana mlangoni palikuwa na ubao wenye misumari, kila mfanyakazi akiingia anatundika saa yake.

Mukendi alipougua, Kampuni ilimpeleka Ulaya, akawekewa pile. Aliondoka amebebwa kwenye machela. Alirudi ameshika sanduku lake mwenyewe, miguu imepungua, anacheka.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Sheria ya Kampuni ilisema mwenye pile haingii kiwandani. Kapita asiyeingia kiwandani anastaafishwa. Akistaafishwa kabla ya wakati, nyumba ya kambi inarudi kwa Kampuni, posho ya unga inakatwa, watoto wanatoka shule ya Kampuni. Na Mukendi alikuwa na watoto sita, wa mwisho bado darasa la pili.

Médecin-chef wetu, yaani daktari mkuu, Mzaire mwenzetu, mtu mkavu asiyecheka ovyo, aliniita ofisini. Enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia.

"Citoyen, mambo haya uliyasomea. Mupime, uandike rapport. Ukisema anaweza, nasaini chini yako. Ukisema hapana, Jumatatu ijayo naandika barua ya kumustaafisha."

Wakuu, mwasikia? Nasaini chini yako. Daktari chini ya fundi! Kichwa kilivimba, sikatai.

Nilianza hospitalini. Nilimpandisha Mukendi ngazi zote za jengo, mara tatu, begani mfuko wa unga. Rafiki yake wa kikundi, mtu mmoja aliyeitwa Ilunga, alikuwa amesimama chini na maneno yake.

"Tata Pile! Ukikufa tutaitosha hiyo kitu, tutaweka mu radio, tutasikiliza mupira!"

"We Ilunga," Mukendi akamjibu kutoka juu, bila hata kuhema, "weye utakufa mbele yangu, na ku kifua yako hatutapata kitu ya kuchukua."

Moyo ulikwenda vizuri kabisa.

Kisha nikaweka sumaku juu ya kifua chake. Hapa nisomeni polepole. Pile ikiwekewa sumaku, inaacha kusikiliza. Inapiga tu kwa kasi yake ya sumaku, tisini na kitu kwa dakika, kama mhubiri asiyejali kwamba kanisa zima limesinzia. Imetengenezwa hivyo makusudi, fundi apate kupima betri.

Kwa dakika moja hospitalini haina neno. Lakini moyo wa Mukendi ulikuwa bado na mapigo yake machache ya asili. Pile isiyosikiliza ikipiga katikati ya pigo la moyo, kwa bahati mbaya moyo unaweza kuvurugika na mtu akaanguka palepale. Fikirieni mtu huyo amesimama kwa muda wa saa nane juu ya matangi ya asidi, katika ukumbi uliojaa sumaku.

Utaratibu niliofundishwa Liège ulikuwa wazi. Unachukua pile nyingine, unaizamisha kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme karibu kama mwili wa mtu. Unatembeza beseni kila pembe. Ukisharidhika, ndipo unamwingiza mtu.

Mimi nilimwingiza mtu. Beseni nililiruka.

Kwa nini? Kwa sababu médecin-chef alikuja kutazama, na wahandisi wawili wa ofisi kuu pamoja naye. Nilikuwa na abacost mpya, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, rangi ya maziwa, imetoka kwa fundi wa nguo siku ile. Mtu wa Liège ataonekanaje mbele ya wahandisi akitembea na beseni kama mama wa sokoni?

Nikamfunga Mukendi nyaya kifuani, mimi nimebeba mashine ndogo ya kuchora moyo, inayotumia betri. Tukaupita ukumbi wote, mlango hadi mlango. Karatasi ikatoka safi, hakuna hata pigo moja lililokosea. Wafanyakazi wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanacheka sana, nikadhani ni furaha.

Nikamuuliza Ilunga saa ngapi, niandike kwenye rapport. Akatazama mkono wake akanijibu, "Saa ine na dakika kumi, docteur."

Nikaandika: apte, yaani anafaa kazi. Neno moja. Nikatia saini yenye mkia mrefu. Mukendi akaambiwa aanze kazi Jumatatu.

Jumapili, baada ya misa, mke wake alikuja kwangu. Mama Ngalula, mwanamke mfupi, mpole, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilijua amekuja kushukuru. Nikamkaribisha kiti kizuri, nikajiweka tayari kusifiwa.

"Docteur," akasema, "kule kambi banasema weye njo ulisoma kupita bote."

"Hawakosei, Mama."

"Basi unifundishe. Courant ikiwa chini, pile inaona nini?"

"Haioni kitu. Umeme ukiwa mdogo na sumaku inakuwa ndogo."

"Na ikiwa yulu?"

"Hapo inategemea, lakini mimi nimeshapima..."

"Ule siku ulipima, courant ilikuwa chini."

Nikakaa wima kwenye kiti.

"Ku Nzilo, kule courant inatokea, balikuwa natengeneza mashini," akaendelea, kwa sauti ile ile ya upole. "Salle ilipata courant nusu tu. Bantu bote ba mule ndani balijua. Bwana yangu alijua. Alifika ku nyumba, akacheka mpaka machozi. 'Ngalula, nimemupita docteur ya Poto, ya Ulaya!' Aliniambia hata saa balivaa mu mikono, kila mutu na yake, na docteur haone."

Ilunga! Wakuu, nilimuuliza saa mtu aliyesimama katikati ya ukumbi ule, akaitazama mkononi, ikitembea. Nikashukuru na kuandika.

Kilichomwokoa Mukendi siku ile ni umeme kuwa nusu, si diploma yangu. Na saini yangu ndiyo ingemwingiza kesho yake umeme ukiwa kamili.

"Mama," nikamwambia, "unajua nikiifuta karatasi ile mnaweza kupoteza nyumba?"

"Najua. Nyumba nitapata ingine, hata ya majani. Bwana ingine nitamupata wapi, mwenye kichwa nguvu kama ule?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini asijue ni mi nilikuambia. Akijua atanyamaza mwaka muzima. Weye haujui kunyamaza kwa Mukendi."

Nikamwahidi.

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa médecin-chef. Nilimkuta anakula bukari, yaani ugali, na familia yake. Nikamweleza umeme ulikuwa nusu na kwamba niliruka beseni. Jina la mama yule sikulitaja.

Akanawa mikono taratibu, akanitazama.

"Citoyen, diploma yako uliipata mu courant kamili ao mu nusu?"

Hakuna aliyewahi kunitukana vizuri namna ile.

"Nipe juma moja," nikamwomba. "Barua ya kustaafu isiandikwe. Nitapima upya, kwa utaratibu."

Akanipa siku tano.

Jumatatu nilifika getini kabla ya zamu ya kwanza. Mukendi akaja na kikundi chake, buti zimepakwa dawa, kofia ngumu inang'aa, watu wanampigia mluzi kama bwana harusi. Nikasimama mbele yake.

"Tata Mukendi, hauingii leo."

"Juu ya nini? Karatasi si uliandika weye?"

"Nimeifuta. Siku ile umeme ulikuwa nusu."

Mluzi ukakatika. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanipiga. Wala singemlaumu, watoto sita si mchezo.

"Nani alikuambia?" Akageuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Nani?"

Hapo wakuu nilisema uongo. Niliusema kwa kifua mbele, kwa sauti ya profesa.

"Hakuna aliyeniambia. Niliichukua karatasi ya moyo wako, nikakaa nayo, nikapiga hesabu. Mstari ulikuwa safi kupita kiasi. Ukumbi wenye umeme kamili hauwezi kutoa mstari kama ule."

"Eeh!" Ilunga akashangaa. "Karatasi yenyewe inasema?"

"Kwa aliyesoma, inasema."

Karatasi haikusema lolote. Lakini waliamini wote, na Mukendi aliamini kuliko wote. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Docteur, nilitaka tu kurudi ku kazi."

"Najua. Nisaidie basi. Wewe unaujua ukumbi, mimi najua pile."

Jumatano, umeme kamili. Safari hii kabla ya kuingia niliwapigia wenye kusoma vipimo vya umeme, wakanithibitishia. Abacost niliiacha nyumbani.

Beseni lilikuwa la plastiki, la kijani, la kufulia. Chumvi alileta Mama Ngalula, amefunga kwenye kijitambaa, akampa mlinzi wa geti bila kunitazama. Nikazamisha pile yangu ya mafunzo niliyotoka nayo Liège, nyaya zinakwenda kwenye mashine ya kuchora. Tukaweka beseni juu ya ubao, Ilunga akashika mbele, mimi nyuma.

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko.

"Docteur anapika bitoyo, samaki ya chumvi!"

"Mulete pilipili!"

Mukendi nilimsimamisha nje ya mlango, haruhusiwi hata hatua moja. Lakini kutoka pale alikuwa anatuongoza kwa sauti ya kapita. "Musipite kushoto, kule nyaya kubwa zinapita chini! Mwende kwanza fasi ya kuoshea!" Alijua kila futi ya ukumbi ule. Alijua wapi spana inavutwa na wapi haivutwi. Mimi na vipimo vyangu tulikuwa tunathibitisha tu aliyoyajua mkono wake.

Fasi ya kuoshea mabamba, mwisho wa ukumbi: pile inapiga sabini kwa dakika, shwari. Hatua kumi mbele: sabini. Hatua ya kumi na nne: sabini.

Hatua ya kumi na tisa, kalamu ikaanza kukimbia. Tisini na kitu. Pile imeacha kusikiliza.

Tukarudi hatua moja: sabini. Tukasogea tena: tisini. Ilunga hakucheka tena. Aligeuka akamtazama rafiki yake mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Docteur," akaninong'oneza, "tulikuwa tunamuua kwa kucheka."

Tulizunguka asubuhi nzima. Kila pile ilipobadilika, tunarudi hatua sita kwa usalama, tunatia alama kwa chokaa. Mwishowe nukta zikaungana, ukawa mstari mmoja uliokata ukumbi. Upande mmoja matangi. Upande mwingine sehemu ya kuosha mabamba, kuyahesabu na kuyafunga.

Siku iliyofuata médecin-chef alikuja na sanduku la dharura. Tukamwingiza Mukendi mwenyewe, upande wa kuosha tu, nyaya kifuani, zamu nzima. Akabeba, akainama, akawafokea watu. Karatasi ilitoka ndefu kama kitambaa cha sanda, sikuruka hata inchi moja kuisoma. Safi.

Nikaandika rapport ya kurasa nne. Apte, upande wa kuoshea, asivuke mstari. Médecin-chef akaisoma yote, akatia saini chini yangu. Kwa mtu yule, hiyo ni sifa.

Mukendi aliambiwa atakuwa kapita wa kuoshea. Alinuna.

"Fasi ya bazee," akasema.

"Fasi ya watu wenye nyumba," nikamwambia.

Alinuna kama mwezi hivi, kisha akaanza kuwatesa waoshaji kwa ukali wake hadi mabamba yakawa yanang'aa kama sahani za harusi. Chokaa ikabadilishwa kwa rangi nyekundu. Akiukaribia mstari kwa kusahau, ukumbi wote unapiga kelele: "Tata Mukendi, mupaka! Passeport iko wapi?" Anarudi nyuma akiwatukana kwa Kiluba.

Alifanya kazi hadi umri wa kustaafu wa kawaida. Pile ilibadilishwa mara moja, nilikuwepo. Mtoto wa mwisho akamaliza shule akiwa katika nyumba ile ile ya kambi.

Mimi nilikuwa nakula kwao Jumapili nyingi. Kila akija mgeni, Mukendi alisimulia.

"Ule docteur, hauwezi kumudanganya! Aliangalia kartasi tu, akajua courant ilikuwa nusu. Kartasi tu! Poto inafundisha!"

Nami natikisa kichwa kwa unyenyekevu. Mama Ngalula anapita nyuma yangu, ananiongezea kipande cha nyama ambacho hakuna mwingine aliyeongezewa, anaangalia pembeni kabisa. Mara moja tu nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko, akakimbilia jikoni.

Siri tuliitunza wawili miaka yote. Mukendi alitangulia, tena si kwa moyo, ni uzee. Mama akafuata. Ndiyo maana leo naweza kuiandika.

Wakuu, nimefanya mengi tangu hapo. Nimefungua vyumba vya vipimo katika hospitali tatu, nimefundisha mafundi ambao leo wana magari kunizidi. Lakini nikiulizwa kazi gani nimeifanya vizuri, nataja beseni lile la kijani.

Nilichojifunza ni hiki. Kifaa cha moyo kipimwe mahali mtu atakapoishi na kufanya kazi, na mzigo ukiwa kamili. Kupima siku umeme umepungua ni kujidanganya kwa karatasi. Na utaratibu usiuruke kwa sababu kuna watu wanatazama.

Wenye ndugu waliowekewa hivi vifaa, semeni hapa: wanafanya kazi gani, na nani aliwapima kabla ya kurudi? Mafundi na madaktari mliomo, nikosoeni, nina kifua cha kutosha.

Ila mkienda kupima, mgonjwa msimuulize peke yake. Yeye anataka kurudi kazini, atawaambia yote ni sawa. Muulizeni mke wake.